Inaanzia Mia Mbili

Alikuja Jumanne, theluji haijayeyuka mabegani,
akaiweka ankara ya joto kaunta, na juu yake rula,
rula ya chuma, ya kiwandani, imeshika kutu penye sentimita ya nne.
"Nani," aliuliza Bi Bogumiła, "aliyechora hivi?"

Ni mimi. Sikusema.
Kaunta ile hukaa Jumanne moja kila mwezi
ili, kwa maneno ya mkuu wetu, tuwasikie wateja.

Mchoro wenyewe umeshaingia kila nyumba Łódź:
nguzo mbili, ya kijani baridi iliyopita,
nyekundu baridi hii,
na kando yake kauso kadogo kaliokunja midomo.
Nyekundu inaipita kijani kimo kama baba na mwanawe.
Asubuhi nzima niliitafuta nyekundu hiyo.
Ya kwanza ilifanana na nyanya; nilitaka ya kidonda.

"Nimefuma miaka thelathini na mmoja," alisema,
"nikihesabu nyuzi kwa ncha ya kidole umeme ukikatika.
Usinihesabie kwa rangi."
Akapima. Kijani, milimita kumi na mbili.
Nyekundu, ishirini na moja.
"Sasa nisomee tarakimu."
Mia mbili kumi na mbili.
Mia mbili ishirini na moja.
"Na mstari huu wa chini, waliposimama hawa wawili,
ni sifuri?"

Ni mia mbili. Imeandikwa, kwa kijivu,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Njia ya mwongo fupi, husemwa;
hii niliifupisha mwenyewe, kwa mkasi,
nikalipwa mshahara.

Akaigeuza karatasi.
Nyuma, palipokuwa patupu, alishachora kwa penseli, kwake, mezani,
nguzo zote mbili kuanzia nyayo,
kila kizio milimita yake,
zikapanda karatasi karibu yote,
mapacha, ila utosini:
milimita tisa. Ukucha wake tu.

"Na hizo tisa nitakwambia.
Rejeta ya Żaneta, ghorofa ya juu, ilipasuka mwezi wa kwanza.
Ana mtoto, wiki tano wakati ule. Walilala kwangu siku kumi na nane."
Nilitafuta kwenye kompyuta pa kumwandika mtoto.
"Halafu hizi nukta nukta, 'wastani wa jirani zako'.
Jirani gani? Ngazi yetu ina nyumba nane, mbili tupu,
wenyewe wako Dublin tangu sijui lini.
Unanishindanisha na vyumba visivyo na watu."

Vuli, kikaoni, niliwahi kusema: tuanzie sifuri.
Mkuu akacheka. "Zikianzia sifuri zote zinafanana.
Nani atashtuka?"
Nami nikacheka. Ilikuwa saa saba, nina njaa.

Tangu siku ile macho yangu yameharibika.
Ndani ya tramu, ramani imeunyoosha mji kama suruali iliyopigwa pasi:
mwendo wa dakika moja na mwendo wa dakika kumi na mbili
vimepewa nafasi sawasawa, kama meno ya kitana.
Kwa daktari wa meno kuna nyuso sita ukutani,
kuanzia anayecheka hadi anayelia, nionyeshe maumivu yangu.
Sikujiona.
Simu nayo imenipongeza, fataki skrini nzima,
kwa hatua elfu tisa nilizotembea usiku nikimtafuta paka.

Yeye alilipa. Noti kwanza, kisha sarafu,
akizipanga vichuguu vya kimo kimoja, vikianzia mbao za kaunta.
Nilitaka kusema kitu. Nikapiga muhuri.
Risiti aliichukua, akasogea dirishani penye mwanga,
akaiwekea rula.